Utafiti wa wanaosomea nyumbani hauwaoni waliofungiwa

Mzazi wa Kimarekani anapotangaza kwamba mwanawe ataacha shule na kufundishwa nyumbani, majirani hawaanzi na hesabu wala kusoma. Wanauliza mtoto atacheza na nani, atajuaje kungoja zamu, kugombana na kupatana, kuishi na watu asiowachagua. Richard Medlin, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stetson katika mji wa DeLand, jimbo la Florida, ni mmoja wa wasomi wachache waliolitoa swali hilo kwenye ubishi wa barazani na kulifanya jambo la kuchunguzwa. Mwaka 2000 alichapisha katika jarida la elimu la Peabody makala iliyopitia tafiti zilizokuwapo kuhusu suala hilo, na mwaka 2013 akalirudia katika jarida hilohilo. Swali moja kubwa alilivunja yakawa matatu. Je, watoto hawa wanashiriki maisha ya kila siku ya jamii inayowazunguka? Je, wanajifunza kanuni za tabia na misimamo watakayoihitaji? Na je, wakishakua wanaweza kusimama kama watu wazima miongoni mwa watu wazima wengine? Majibu yake kwa yote matatu yalielekea kwenye ndiyo, ingawa aliyatoa kwa tahadhari ya msomi anayejua kwamba mengi bado hayajachunguzwa. Nayakubali majibu hayo. Ninachokataa ni jinsi yanavyotumiwa: wanasiasa na watetezi wa elimu ya nyumbani huyanyanyua kama cheti, wakasema kwa kuwa watoto wako salama, serikali haina sababu ya kujua wako wapi.

Tuanze na kinachostahili kukubaliwa, kwa sababu hofu ya upweke imeenea kuliko ushahidi wake. Mwaka 1992 Larry Shyers aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida. Alichukua watoto 70 waliofundishwa nyumbani na 70 wa shule za kawaida, wote wa umri wa miaka 8 hadi 10, akawaacha wacheze kwa makundi huku wakirekodiwa kwa video. Kisha waangalizi wasiojua nani anasomea wapi wakazitazama kanda na kuhesabu vitendo vyao. Katika kujithamini na katika uthubutu hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Katika utukutu ilikuwapo, na iliwaendea vizuri watoto wa nyumbani. Uzuri wa utafiti huu ni kwamba haukumwuliza mama mwanawe yukoje, ulimtazama mtoto mwenyewe. Medlin naye, mwaka 2006, alitumia kipimo cha stadi za kijamii kilichozoeleka miongoni mwa wanasaikolojia wa Marekani, na watoto wa nyumbani wakapata alama za juu kuliko wastani wa kitaifa wa kipimo hicho. Mtu akitafakari, hakuna muujiza hapo. Mtoto anayefundishwa nyumbani Florida huenda kanisani, hucheza mpira katika timu ya mtaa, hukutana na wenzake katika vikundi ambavyo wazazi wamevianzisha ili kubadilishana ufundishaji, na hukaa na watu wa rika zote. Msomaji wa pwani au wa bara letu hahitaji kushawishiwa sana juu ya hili. Chumba chenye watoto 40 wa umri mmoja wakimtazama mtu mzima mmoja ni uvumbuzi wa juzi tu, na binadamu walijifunza kuishi na binadamu wenzao muda mrefu kabla ya kengele ya shule kuvumbuliwa.

Kwa hiyo anayedai kwamba kusomea nyumbani, peke yake, kunamharibu mtoto kitabia, hana ushahidi. Lakini matokeo ya utafiti wowote hayavuki mpaka wa watoto waliochunguzwa, na hapa ndipo mambo yanapoharibika. Profesa wa saikolojia anayetaka kuchunguza wanafunzi wa shule ana orodha. Anaweza kwenda kwa afisa wa wilaya, akachagua shule kwa bahati nasibu, akachagua wanafunzi kwa bahati nasibu, na mtoto mkimya wa dawati la nyuma akawa na nafasi sawa na kiranja ya kuingia katika sampuli. Anayetaka kuchunguza watoto wanaosomea nyumbani mara nyingi hana orodha yoyote. Katika Texas, Oklahoma na Idaho mzazi hahitaji hata kuiarifu ofisi yoyote kwamba anamfundisha mwanawe nyumbani. Idadi ya kitaifa yenyewe hukisiwa kwa kuzihoji kaya: kituo cha takwimu za elimu cha serikali ya shirikisho kilikadiria watoto wapatao 850,000 mwaka 1999 na takriban milioni 1.8 mwaka 2012. Ofisi ya sensa ilipouliza mwaka 2020, shule zikiwa zimeyumbishwa na korona, kaya zilizosema zinafundisha watoto nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 majira ya kuchipua hadi asilimia 11.1 majira ya vuli, na miongoni mwa kaya za Wamarekani weusi zikaruka kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Hizo ni tarakimu za jumla zisizo na majina wala anwani. Mtafiti hawezi kubisha hodi kwenye asilimia.

Anachofanya basi ni kwenda kwenye vyama vya wazazi, kwenye mikutano yao, kwenye orodha za wanaonunua vitabu vya mtaala, na kuomba wajitolee. Wanaojitolea ni akina nani? Ni mama mwenye shahada, aliyepanga ratiba ya wiki ubaoni, ambaye mwanawe anasoma vizuri na anayefurahi kuonyesha. Mzazi aliyekata tamaa mwezi wa tatu, ambaye mtoto wake wa miaka tisa bado hajui kusoma, hajazi fomu ya profesa. Na mzazi aliyemtoa mtoto shule kwa sababu mwalimu alianza kuuliza kuhusu michubuko, huyo hajui hata kama fomu ipo. Mvuvi aliyetupa jarife lenye matundu ya kupita ngumi hawezi kurudi ufukweni akaapa kwamba bahari haina dagaa. Mfano maarufu wa wavu wa namna hiyo ni utafiti wa Lawrence Rudner wa mwaka 1999. Ulikuwa mkubwa, wanafunzi 20,760 kutoka familia 11,930, na watoto hao walipata alama za juu sana kuliko wastani wa nchi. Familia hizo, hata hivyo, zilikuwa wateja wa huduma ya mitihani ya chuo kikuu kimoja cha Kikristo chenye msimamo mkali, na utafiti ulidhaminiwa na chama cha kisheria kinachotetea elimu ya nyumbani. Karibu wote waliishi na wazazi wawili walio katika ndoa, na elimu na kipato cha wazazi hao vilikuwa juu ya wastani. Rudner mwenyewe alionya wazi kwamba takwimu zake hazilinganishi nyumba na shule na hazithibitishi ubora wa upande wowote. Onyo lake lilisahaulika haraka. Alama zikabaki, zikasafiri kutoka kipeperushi hadi kipeperushi, na hadi leo mtu akitetea elimu ya nyumbani kwenye intaneti hachelewi kuzitaja.

Pale ambapo watafiti wametengeneza vipimo bora zaidi, picha hubadilika, na hubadilika kwa namna inayofundisha. Mwaka 2011 Sandra Martin-Chang wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti wa watoto 74 wa Kanada wenye umri wa miaka 5 hadi 10: 37 wa nyumbani na 37 wa shule za umma, wakiwa wamezingatia kipato cha familia na elimu ya mama. Watoto walipewa mtihani sanifu uleule. Watoto 25 wa nyumbani waliofundishwa kwa mpango, wenye vitabu na masomo yanayofuatana, waliwapita wenzao wa shule. Watoto 12 ambao wazazi wao hawakutumia mpango wowote, wakiamini kwamba mtoto atajifunza akitaka, walikuwa nyuma. Idadi ni ndogo, na hakuna mtu mwenye busara atakayetunga sheria kwa watoto 12. Hata hivyo utafiti huo unatuonyesha kitu ambacho wastani mkubwa huficha. Maneno "elimu ya nyumbani" hayataji kitu kimoja. Yanafunika mambo mawili yaliyo mbali zaidi lenyewe kwa lenyewe kuliko kila moja lilivyo mbali na shule. Robert Kunzman wa Chuo Kikuu cha Indiana na mwanahistoria Milton Gaither, waliopitia fasihi yote ya uwanja huu mwaka 2013, walifikia mahali pa karibu na hapo: ukishaondoa mchango wa hali ya familia, kufundishwa nyumbani kwenyewe kuna athari ndogo kwenye alama, ikielekea juu kidogo katika lugha na chini kidogo katika hesabu.

Kuna pia utafiti mmoja uliokwepa tatizo la kujitolea kwa njia ya busara, japo si kabisa. Ying Chen na wenzake wa Harvard, katika makala ya mwaka 2021, walitumia kundi la vijana 12,288 waliokuwa wakifuatiliwa kwa miaka kwa sababu nyingine kabisa. Walikuwa watoto wa wauguzi walioshiriki utafiti wa afya, na hakuna aliyeingia humo ili kuipigia debe elimu ya nyumbani. Waliosomea nyumbani walikuwa wachache mno katika kundi hilo, kama asilimia moja hivi. Walipokuwa watu wazima, hao wachache walijitolea zaidi kwa kazi za jamii, walikuwa wepesi zaidi wa kusamehe, na walihudhuria ibada zaidi kuliko waliosoma shule za umma. Ila walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata shahada ya chuo. Soma matokeo hayo kwa utulivu. Upande wa tabia yanamwunga mkono Medlin. Upande wa masomo yanazinyima nguvu zile alama za vipeperushi. Na hata hapa tunazungumza juu ya watoto wa wauguzi, yaani nyumba ambazo mama ana taaluma, ana kazi inayomkutanisha na watu, na anajibu madodoso ya wanasayansi mwaka hadi mwaka. Nyumba hizo ni wazi kwa asili yake.

Ushahidi ulionishawishi zaidi unatoka kwa mtu asiyeweza kushukiwa kuwa adui wa elimu ya nyumbani. Peter Gray, mwanasaikolojia wa Chuo cha Boston, ni mtetezi wa wazi wa watoto kuachwa wajifunze kwa uhuru, bila mtaala. Akiwa na mwenzake Gina Riley aliwakusanya watu wazima 75 waliokulia katika malezi ya namna hiyo na kuwauliza maisha yamewaendeaje. Walijitolea wenyewe baada ya kusoma tangazo, na Gray hakuficha udhaifu huo. Karibu wote walisema walifaidika. Watatu tu hawakufurahia. Msomaji wa haraka angesema watatu kati ya 75 si kitu, na akafunga ukurasa. Lakini tazama walichokieleza. Katika simulizi zao wote watatu kulikuwa na mama asiye na afya nzuri ya akili, baba asiyejihusisha, na familia iliyojitenga na watu. Upungufu wa mtaala haukuwa kiini cha malalamiko yao. Walilalamikia nyumba iliyofungwa. Yaani hata katika sampuli iliyoundwa na walioridhika, wale wachache walioumia waliumia kwa sababu ileile: hakukuwa na mtu mzima mwingine aliyeingia. Sasa jiulize ni wangapi wa aina hiyo ambao hawakuliona tangazo, au waliliona lakini hawakuwa na nguvu ya kulijibu.

Jimbo la Connecticut lilijaribu kuwatafuta. Baada ya kijana mmoja wa Hartford kufariki mwaka 2017 kwa kutelekezwa, akiwa ametoweka shuleni, ofisi ya mtetezi wa watoto ya jimbo hilo ilikagua wilaya sita za elimu na kutoa taarifa mwaka 2018. Katika miaka mitatu ya masomo, kati ya 2013 na 2016, wanafunzi 380 waliondolewa shule katika wilaya hizo kwa maelezo kwamba watafundishwa nyumbani. Asilimia 36 yao walitoka katika familia ambazo idara ya ustawi wa watoto ilikuwa imewahi kupokea angalau taarifa moja ya kuteswa au kutelekezwa kwa mtoto. Wapinzani wa elimu ya nyumbani waliidaka tarakimu hiyo kwa mikono miwili. Nadhani waliitumia vibaya. Taarifa kupokelewa si tuhuma kuthibitishwa, na watafiti wa masuala ya watoto wamekadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wote wa Marekani huwahi kufikiwa na uchunguzi wa namna hiyo kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo asilimia 36 haithibitishi kwamba wazazi wanaofundisha nyumbani ni wakatili kuliko wengine. Inathibitisha jambo jingine, zito vilevile: kwamba mtoto ambaye tayari yumo katika mafaili ya serikali anaweza kutolewa mahali pekee anapoonekana kila siku, kwa karatasi moja ya mzazi, na hakuna anayelazimika kumfuatilia. Wilaya hizo hazikuwa na utaratibu wa kumtazama tena. Haikuwa siri iliyofichuliwa, ilikuwa sheria ikifanya kazi kama ilivyoandikwa.

Hapo ndipo natofautiana na wanaouliza kama elimu ya nyumbani ni nzuri au mbaya. Utafiti umeshajibu kadiri unavyoweza: inategemea nyumba. Kama inategemea nyumba, basi kazi ya serikali ni kujua nyumba ziko wapi, na kuhakikisha kwamba angalau mara moja kwa mwaka mtoto anaonekana na mtu mzima asiye wa familia yake, mtu mwenye ujuzi wa kutosha kujua kama anasoma na kama anakua. Hili halihitaji kubuniwa upya. Pennsylvania inamtaka mzazi ampeleke mtoto na kazi zake kwa mtathmini mwenye sifa kila mwaka. New York inataka mpango wa masomo na taarifa za kila robo ya mwaka. Jimbo la Washington linataka mtihani au tathmini ya kila mwaka. Familia zinaendelea kufundisha nyumbani katika majimbo yote matatu.

Pingamizi la kwanza ni la haki, na si la kubezwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1925, katika kesi ya masista wa Oregon, kwamba mtoto si mali ya dola na mzazi ana haki ya kuelekeza malezi yake. Mwaka 1972 iliwaruhusu Waamish wa Wisconsin kuwatoa watoto shule baada ya darasa la nane kwa sababu za imani. Hukumu hizo zinampa mzazi haki ya kuchagua njia. Hazimpi haki ya kumfanya mtoto asijulikane kuwa yupo. Mzazi anamwandikisha mtoto anapozaliwa na haoni kwamba amepokonywa, hivyo kumwandikisha tena anapofikia umri wa kusoma ni mwendelezo wa wajibu uleule. Pingamizi lililo na uzito zaidi ni la historia. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazazi wa Marekani walishtakiwa kwa sababu tu ya kufundisha nyumbani, ndiyo maana chama chao cha utetezi wa kisheria kilianzishwa mwaka 1983, na ilichukua hadi mwaka 1993 kwa jambo hili kuwa halali katika majimbo yote 50. Watu waliowahi kusakwa huogopa orodha, na wana sababu. Jibu lake ni kuiwekea rejista mipaka ndani ya sheria yenyewe: nani anaisoma, kwa lengo gani, na kwamba kuandikishwa ni taarifa tu, si ombi la ruhusa ambalo afisa anaweza kulikataa akiamka vibaya.

Wengine husema shule nazo zinashindwa, tena zina kila orodha duniani. Ni kweli. Watoto hupigwa shuleni, huonewa, humaliza darasa la saba bila kujua kusoma, na si Marekani tu. Lakini tunayajua haya kwa sababu yanahesabika. Kushindwa kwa shule kuna takwimu, kuna mzazi anayelalamika, kuna gazeti linaloandika. Kushindwa kwa nyumba iliyofungwa hujulikana polisi wakishafika. Na wapo wanaokumbusha, kwa haki, kwamba macho ya shule pekee hayatoshi. Huko Woking, Uingereza, mwaka 2023, shule ya msichana wa miaka 10 iliona michubuko na kutoa taarifa mwezi Machi, faili likafungwa baada ya siku chache, baba akamtoa shule mwezi Aprili ili asomee nyumbani, na mwezi Agosti mtoto akauawa. Shule ilifanya sehemu yake, na ustawi wa jamii ukakosea. Hilo linanifanya nitake ukaguzi ulio bora, sioni jinsi linavyoweza kuwa hoja ya kutokuwa na ukaguzi. Serikali ya Uingereza yenyewe ilipeleka bungeni, Desemba 2024, muswada unaozitaka halmashauri ziwe na rejista ya watoto wasiosoma shuleni, wakati makadirio ya England peke yake yakiwa zaidi ya watoto 110,000 wanaofundishwa nyumbani.

Upande wa pili wapo wanaotaka marufuku. Elizabeth Bartholet, profesa wa sheria wa Harvard, aliandika mwaka 2020 kwamba kanuni iwe kukataza, na mzazi anayetaka kufundisha nyumbani ndiye athibitishe kwamba anastahili. Ujerumani imekwenda mbali zaidi, mahudhurio ya shule ni lazima na imani ya mzazi haimwondolei wajibu huo. Karibu na Darmstadt, mwaka 2013, maafisa waliwachukua watoto wanne wa familia moja. Walipopimwa, elimu yao haikuonekana kuwa ya kutisha, na baada ya wiki tatu wakarudishwa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2019 kwamba Ujerumani haikuvunja haki za familia hiyo. Kisheria, sawa. Kwa mtazamo wa mtu anayejali makuzi ya watoto, kumtoa mtoto mikononi mwa wazazi wake kwa wiki tatu ili kugundua kwamba alikuwa salama ni gharama kubwa mno kwa kipimo ambacho mtathmini wa Pennsylvania hukifanya kwa mchana mmoja. Marufuku ina dosari nyingine pia. Huwaadhibu wale wanaoonekana, kina mama wa ratiba ubaoni, huku yule aliyekusudia kujificha akiendelea kujificha.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili bado ni dogo kwa idadi, lakini lipo. Kenya ina familia zinazofundisha nyumbani, na suala limefika mahakamani, kwa kuwa kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Matokeo ni kwamba familia hizo zinaishi bila kujua zimesimama wapi kisheria, na aliye katika hali hiyo hajitangazi. Tusije tukaiga pande zote mbili za kosa la wengine, tukawa na wazazi wanaojificha na serikali isiyojua. Wala tusiutumie mwaka wa korona kama ushahidi. Shule za Uganda zilipofungwa kuanzia Machi 2020, na nyingi zikangoja hadi Januari 2022, mamilioni ya watoto walikaa nyumbani bila kufundishwa, na kukaa huko hakuhusiani na elimu ya nyumbani zaidi ya foleni ya hospitali inavyohusiana na tiba.

Mzazi anayefikiria njia hii, akionyeshwa utafiti unaosema watoto wa nyumbani wanang'ara, aulize jambo moja kabla ya kufurahi: watafiti waliwapataje watoto hao? Mbunge atakayeandika sheria aulize hilohilo. Kazi ya Medlin imewaondolea wazazi makini lawama wasiyostahili, na wanaoendelea kuwaambia kwamba watoto wao watakuwa wapweke wasiojua watu wanasema uongo. Lakini jimbo lisilojua lina watoto wangapi wanaosomea nyumbani, wala majina yao, wala kama wako hai, haliwezi kuitumia kazi hiyo kama utetezi. Hao hajawachunguza yeye wala mwingine yeyote.